Mchaga Wangu

Mwezi uliopita Bi Rukia alinipigia simu kutoka Houston kuniambia kwamba anarudi Tanga moja kwa moja, nyumba imepata mnunuzi, na kuna masufuria yangu yamekaa jikoni kwake tangu mwaka ule. Niende niyachukue kabla hajayagawa. Sikuuliza mwaka upi. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kustaafu na mwaka wa mwisho wa Aikande, rafiki yangu, ambaye siku ya kumzika nilizuiwa mlangoni kama mwizi. Tangu siku hiyo sikuwa nimeketi meza moja na Bi Rukia, wala na Wafula aliyekuwa wa nne wetu. Nilitaka kumjibu awape maskini hayo masufuria. Lakini mimi ni Mpare, na Mpare haachi chake, basi Jumamosi nikatoka Arlington asubuhi nikashika barabara ya Houston, na njia nzima nilikuwa nagombana na watu wasiokuwemo ndani ya gari.

Watu wakisimulia maisha yao husema ujana ndio uliowafunza. Mimi ujana haukunifunza lolote, ulinichosha tu. Nilikuwa muuguzi wa zamu za usiku, nalala mchana mapazia yamefungwa, na Texas niliyoijua ilikuwa barabara ya kutoka nyumbani hadi hospitali. Nilipostaafu nikagundua sijui watu hufanya nini saa nane mchana. Nilikuwa nakaa sebuleni nimevaa viatu, nasubiri nisichokijua. Aliyenitoa pale ni Wafula, Mluhya wa Bungoma, mhasibu mstaafu aliyefiwa na mkewe akabaki na gari la viti saba bila wa kumpakia. Tulijuana kwenye misiba, maana huku Waafrika Mashariki hujuana kwa kuzikana. Siku moja akasema, "Sisi tume-retire na sasa tunakufa kwa nyumba tukiangalia TV. Wacha tukule pamoja kila Saturday, kwa zamu, na mara moja moja tu-drive mahali hakuna fence." Mahali pasipo na uzio, kwa mtu wa Texas, ni jangwani, huko magharibi, mwendo wa kutwa. Bi Rukia, mjane wa Tanga aliyekuwa amefunga duka lake la vitambaa, alisema hata kama yuko Houston atakuja, atakuwa analala kwangu. Na mimi nikamleta Aikande.

Aikande alikuwa Mchaga wa Machame, na kila kilichotokea mwaka ule kinaanzia hapo. Kwa asiyejua, Wapare na Wachaga ni watani. Tumepakana milima, tumeoana, tumeibiana ng'ombe, na mababu walipochoka kupigana wakaamua tuwe tunatukanana. Mtani anaweza kukuambia neno lolote mbele ya mtu yeyote, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Kazi yake kubwa iko msibani. Watu wakishalia mpaka wakakauka, mtani huingia amevaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anaficha jembe, anakaa ukingoni mwa kaburi na kutangaza kwamba hashuki mtu humu mpaka apewe chochote. Anautaja uchoyo wa marehemu, ubishi wake, mapishi yake mabaya. Waliokuwa wanalia wanacheka, na wakishacheka wanaweza kula. Mtani hasifu. Kusifu ni kazi ya mchungaji.

Zamu ya kwanza ilikuwa kwangu. Meza yangu ni ndogo na imegusana na friji, mtu akitaka maji ya baridi lazima mwenzake ainuke. Nilipika makande, mahindi meupe nimeyapata duka la Wameksiko, maharage nimeyaloweka tangu jana yake, tui la kopo. Aikande akafunua sufuria, akachungulia ndani kwa muda, akanigeukia. "Mpare, nyama umeisahau dukani, au kesi ya kuku haijaisha?" Wafula akauliza kesi gani. "Hawa watu, kaka yangu," Aikande akamwelezea, huku akijipakulia sahani kubwa kuliko zote, "mtu akiibiwa kuku, anauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani. Kwa hiyo kwao hakuna kuku na hakuna ng'ombe. Kuna makande." Nikamwambia Wafula asimsikilize, huyu mama kazi yake Amerika nzima ilikuwa maabara, kuwatoa watu damu kwa sindano. "Wachaga wenzake walilazimika kufungua maduka ili wanyonye watu. Huyu kaajiriwa kabisa, na sare kapewa." Bi Rukia alicheka mpaka akafunika uso kwa mtandio. Wafula alikuwa ameacha kula. "Na nyinyi ni marafiki?" akauliza. Tukajibu kwa pamoja kwamba sana. Akatikisa kichwa, akasema kwao maneno ya kabila watu hawachezi nayo, watu wameumizana. Tulimwonea huruma kidogo, halafu tukaendelea.

Jangwani tulikwenda kwa mara ya kwanza mwezi wa tatu, upepo ukiwa bado na ubaridi. Ukishaiacha Fort Worth, miti inaanza kufupika, halafu inakuwa vichaka, halafu inabaki mitambo ya mafuta inayoinama na kuinuka peke yake shambani. Tulikuwa tunakwenda Monahans, kwenye vilima vya mchanga mtupu. Bi Rukia alibeba pilau kwenye sufuria langu, tukalifunga kwa mablanketi mawili na kulikalisha kwenye kiti kama mtu, na Wafula akalifunga mkanda. Tulipofika tulitandika mkeka bondeni. Bi Rukia alisali, simu imemwonyesha kibla. Upepo ulitia mchanga kwenye pilau na tukaila hivyohivyo, meno yanakwaruza, hakuna aliyelalamika. Aikande aliutazama ule weupe mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi, halafu akasema, "Hapa hata Mchaga hawezi kufungua duka." Nikamwambia nitarudi mwezi ujao nimkute ameshasimamisha bati. Nilikuwa na furaha siku ile, nasema waziwazi. Sikuwa nimewahi kujua kwamba mtu mzima anaweza kukaa chini kwenye mchanga mchana kweupe, tumbo limejaa, bila kudaiwa na mtu yeyote mahali popote.

Habari ya moyo wa Aikande tuliipata mezani nyumbani kwa Wafula, kiangazi, siku ambayo hata mbu walikuwa wamejificha. Wafula alipika kuku wa kienyeji aliyechinjwa halali kwa ajili ya Bi Rukia, na ugali mgumu wa kwao. Chumba chake cha kulia bado kilikuwa na pazia la marehemu mkewe na kalenda ya zamani ya kanisa. Aikande alikata tonge, akalirudisha sahanini, akasema, "Jamani, moyo wangu umechoka. Daktari anasema watauchunga tu, kupona hautapona." Bi Rukia akaanza kulia hapo hapo. Wafula akaufikia mkono wa Aikande akaushika, na kwa namna alivyoushika nikaona kabisa ameshamwona maiti. Halafu Aikande akanitazama mimi. Ninamjua, hakuwa anaomba pole. "Kumbe una moyo," nikamwambia. "Miaka yote hii nilidhani kifuani pana droo ya pesa." Alicheka mpaka akakohoa, machozi yakamtoka, akapiga meza kwa kiganja. Wafula akaniita jikoni. "Dada Nakijwa, hiyo ni maneno gani? Mtu anasema anakufa na wewe unamchekelea? Aki, uko na roho gani?" Nikamwambia roho yangu ni ya Kipare na haimhusu, nikarudi mezani nikaendelea na paja langu la kuku.

Tangu siku hiyo Jumamosi zetu zilibadilika, na mimi niliyaona mabadiliko hayo nikayachukia. Wafula aliacha kutia chumvi kwenye chakula chote, hata cha wazima. Bi Rukia alikuja na vikombe vya dawa za mitishamba na sauti ya chini ya watu wa hospitali, sauti niliyoisikia maisha yangu yote kazini na ninayojua maana yake. Wakati huo Aikande alikuwa anaishi kwa binti yake, Neema, huko Mansfield, nyumba kubwa ya jiko jeupe lisilonukia kitu. Zamu ilipofika kwake alipika machalari akiwa amekaa kwenye kiti kirefu, mimi namenya ndizi kwenye sinki. Wengine walikuwa sebuleni. "Wafula ananishika mkono kupanda ngazi," akaniambia. "Rukia akinipigia simu analia kabla ya salamu. Neema ananiongelesha kama mtoto wa chekechea. Hawa wameshanizika, Mpare. Wewe ukianza kunihurumia, nitajua kweli nimekufa." Nikamwambia nimhurumie kwa lipi, mwanamke mzima ndizi zimemshinda, nikifika msibani kwake nitaanza na haya machalari kabla ya jina la marehemu. "Utaanza na machalari?" akasema, macho yamemng'aa. "Mimi nilidhani utaanza na matako."

Neema alikuwa amesimama mlangoni. Ni binti mzuri, ana kazi ya ofisini, kazaliwa hukuhuku, Kiswahili anakisikia chote na kukijibu anavyotaka. "Auntie, that's not okay," akasema. "Mom ni mgonjwa. Huwezi kumwambia vitu kama hivyo, about her funeral, in my kitchen." Nikamwambia ni utani, mwanangu, ni desturi yetu, mama yako ananitukana zaidi. "Kazini tume-do training ya hii," akanijibu. "Kila bully anasema ni joke." Nikamgeukia Aikande anisaidie. Mchaga yule akashusha uso, akavuta pumzi ya mwanamke anayeteswa, akasema kwa unyonge, "Mwache tu, mwanangu. Ndivyo alivyo." Nikaja kukaa karibu yake, nikamfinya paja chini ya meza kwa nguvu. Neema aliuona mkono wangu, akaondoka.

Safari ya mwisho tulikwenda Novemba, Monahans tena, na Neema hakutaka. Aikande alimwambia kwamba bado ni mama na si mzigo. Pale vilimani kuna sahani kubwa za plastiki ambazo watu huzikodi, wanazikalia na kuteleza kutoka juu mpaka chini, watoto wa Kizungu wanapiga kelele siku nzima. Wafula na Bi Rukia walikuwa bondeni wanatandika mkeka. Aikande alinifuata juu, polepole, anapumzika kila hatua chache, kumbe kwapani ana sahani. Nilipoelewa anachotaka, nilimzuia, na nilimzuia kama muuguzi, bila utani hata chembe. Nilimwambia dawa anazomeza zinafanya damu isigande, akigongwa kidogo tu atavilia damu mwili mzima, ashuke kwa miguu. Akanitazama kwa dharau. "Leo ndiyo umeanza kunihurumia?" akasema, akaikalia ile sahani, akajisukuma mwenyewe. Sijawahi kuona kitu kama kile. Mama wa umri ule, kitenge kimepanda magotini, anapiga vigelegele, mchanga unaruka pembeni. Chini kabisa sahani ilimtupa, akabingirika, akabaki chali. Nilishuka nikiteleza na kuanguka, nikidhani nakwenda kumfumba macho. Alikuwa anacheka bila sauti, hana pumzi, uso umejaa mchanga. Wafula na Bi Rukia walikuwa hatua chache kutoka pale, waliona kila kitu. Tulipokuwa tunarudi, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshakuwa mweusi kutoka begani hadi kiwiko.

Jumatatu Neema alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa imetulia kwa namna ya watu walioandika kwanza watakachosema. "Mom anasema wewe ndiye ulimsukuma," akasema. Nikacheka, nikamwambia mama yake ni mwongo mkubwa. "She was crying, Auntie. Anasema si mara ya kwanza, unamfinyaga. And I saw you, kwangu, mezani. Niliona." Nikamwambia amuulize Wafula, amuulize Bi Rukia, walikuwepo. Akanijibu kwamba ameshawauliza, wote wamesema hawakuona vizuri. Akaniambia nisije tena nyumbani kwake, na nisimpigie mama yake, la sivyo ataita polisi. Nilimpigia Aikande dakika hiyohiyo, simu ikaita mpaka ikakatika. Nilipiga kesho yake na siku zilizofuata, haikupokelewa. Kabla wiki haijaisha, Wafula alinitoa kwenye group letu la WhatsApp, lile ambalo tulikuwa tunatumiana picha za vyakula na kutukanana asubuhi.

Nimefanya kazi wodini na wanaokufa, nimenawa damu ya watu mikononi, na nasema sijapata kuumia kama Jumamosi zile. Nilijua saa ngapi wanapakua. Nilijua Wafula anakaa kiti kipi, na kwamba Bi Rukia sasa analala kwa Wafula kwenye chumba cha wageni, si kwangu. Nilikula nimesimama kando ya friji. Nilimchukia Aikande kwa uongo wake, na nikamtafutia sababu: labda dawa zimemchanganya, labda maradhi yamemtia uoga, nimeona wagonjwa wanaowageukia waliowapenda. Nilijiambia atapona uoga huo, atanipigia. Wiki moja kabla ya Krismasi alipata kiharusi akiwa bafuni, hakusema neno lingine, na siku ya tatu akafariki. Habari niliiona Facebook, kwenye ukurasa wa Watanzania wa Minnesota.

Ibada ilifanyika kanisani DeSoto. Nilikwenda. Nilikuwa na kofia yake ya manjano aliyoisahau kwangu, na nilikuwa nimejiandaa, kwa sababu uongo au si uongo, yule alikuwa mtani wangu na hapa Texas nzima hakuwa na mwingine wa kumfanyia kazi ile. Nilijua nitakavyoingia, nitakavyotembea kwa ule mwendo wake wa kuvuta mguu, nitakavyosimama mbele ya jeneza na kumwuliza mbona kalala na zamu ya kupika ni yake. Neema alikuwa mlangoni, amevaa nyeusi tupu, macho yamevimba. Aliiona ile kofia mkononi mwangu. "Not today, Auntie," akasema. "Please. Umemfanyia ya kutosha." Vijana wawili wa kanisa wakasogea, mmoja akanishika kiwiko kwa adabu. Nikatazama ndani. Wafula alikuwa benchi la mbele na wabebaji wa jeneza, amegeuka ananiona, kisha akaangalia simu yake. Bi Rukia, aliyeingia kanisani kwa heshima ya rafiki akakaa nyuma, akainamia mkoba akawa anatafuta kitu ambacho hakikuwemo. Nikarudi kwenye gari. Waliimba, walihubiri, walisifu, nasikia kipaza sauti kwa mbali. Niliufuata msafara mpaka makaburini nikasimamisha gari nje ya uzio, na pale, madirisha yamefungwa, nikaivaa ile kofia na kusema yote. Nilisema machalari, nikasema uchoyo, nikasema matako. Hakuna aliyecheka.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kifuani nilipobonyeza kengele ya mlango wa Bi Rukia, mwezi uliopita. Nyumba ilikuwa imejaa maboksi, ukutani pamebaki alama za picha. Alikuwa amezeeka. Masufuria yangu yalikuwa mezani, yamesuguliwa yanang'aa, na alikuwa amepika samaki wa kupaka na wali wa nazi, sahani mbili. Nilitaka kuchukua changu niondoke, lakini harufu ya yule samaki ilinikalisha. Tulikula kama watu waliokutana hospitalini, kuulizana miguu, kuulizana sukari. Halafu Bi Rukia akaosha mkono, akaufuta, akasema, "Shoga, siwezi kwenda Tanga na hili. Nilijua."

Nikamwuliza alijua nini.

"Aikande alinipigia siku ileile aliyomwambia mtoto. Anacheka, wallahi anacheka mpaka namwambia pumzika. Anasema, nimemtegea yule Mpare kesi. Anasema, mtu wa watu anakufa kwa kupenda kesi, acha nimpe moja kabla sijaondoka. Mtoto akituuliza tuseme hatukuona vizuri, tusikupokelee simu, tukutoe kwenye group, iive vizuri. Krismasi tungekualika, Neema akushtaki mbele ya meza, ujitetee weee, mpaka ulie, halafu Aikande mwenyewe ndiyo aseme ni mzaha."

"Na Wafula?"

"Wafula ndiye angekuwa hakimu. Alishanunua hata nyundo ya mbao. Yule naye mwishowe mchezo ulimwingia." Akaanza kulia. "Halafu mwenzetu akaanguka wiki moja kabla. Ningesemaje, shoga? Mtoto analia, mama yake hajazikwa, nimwambie ni mzaha? Nilisema baada ya mazishi. Baada ya mazishi nikaona aibu. Wafula akasema tuache, muda umepita."

Nilimwuliza siku ile pale mlangoni aliniona au hakuniona. Akasema aliniona. Nikamwuliza alikuwa anatafuta nini kwenye mkoba. Akaziweka sahani moja juu ya nyingine. Nikamwambia basi na mimi nilikuwa na msiba, na kwamba yeye na Wafula si watu, na nilisema na mengine ambayo hayakuwa utani na siyaandiki. Alivumilia yote. Na katikati ya kumtukana, nitasema ukweli, kicheko kilikuwa kinanipanda, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri. Mpare, apewe kesi. Mchaga yule alinijua mpaka kwenye mifupa. Alikuwa ameutoa utani mkubwa kuliko wote niliowahi kumtolea, akafa kabla ya kunionyesha, akaniachia hasara tupu.

"Neema anajua?" nikauliza. Hajui. Nikachukua simu. Bi Rukia akanishika mkono, akasema mtoto ameshatulia, nikimwambia leo atajionaje, kwamba alimfungia mtu mlango kwa sababu ya mzaha wa mama yake? Nikamwambia ndivyo hasa ninavyotaka ajione. Namba yake nilikuwa sijaifuta. Akapokea, nikaweka sauti kubwa, nikamweleza kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kumpunguzia, mchanga, sahani ya plastiki, kesi, nyundo ya hakimu. Upande wa pili nikasikia televisheni inapunguzwa.

"She was laughing?" akauliza hatimaye. "Siku hiyo mama alikuwa anacheka?"

Bi Rukia akainamia simu. "Wallahi, mwanangu. Alicheka sana."

Nilisubiri aniombe radhi. Nilikuwa nimeingoja radhi hiyo kwa muda mrefu, na nilikuwa na maneno tayari ya kuikataa. Hakuomba. Akasema, "So what would you have said? Pale kanisani. Kama ningekuacha uingie, ungesema nini? Sema sasa, Auntie. Nakusikiliza."

Bi Rukia alinitazama, akafuta macho, nikaona kabisa anajiandaa kucheka. Nikakaa sawa kwenye kiti. Nikafungua kinywa nimchambue Mchaga wangu kama inavyotakiwa, na hakikutoka kitu. Nilitafuta neno la kwanza, nikatafuta la pili. Nikajisikia nasema kwamba mama yako alikuwa mtu mwema. Nikasema alikuwa mkarimu, mpole, hakuwahi kumkosea mtu, na pengo lake halitazibika. Nilikuwa nasema kwa sauti ileile ya watu wanaopewa kipaza sauti, na sikuweza kunyamaza, niliendelea mpaka nikafika kwenye Bwana ametoa na Bwana ametwaa.

"Okay, Auntie," Neema akasema kwa upole, kama anavyojibiwa kila mtu anayekuja kutoa pole. "Thank you for calling." Akakata simu.